Moto wa Layini ya Pili

Ninyi mliokabidhiwa funguo za vyumba vya kupangisha, mnaotembea mkizichezesha mkononi ili wasichana wasikie, kaeni kidogo niwaambie. Funguo ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hiyo. Mimi nilikuwa kapitao, yaani msimamizi, wa layini za wapangaji hapahapa Nchelenge, ufukweni mwa ziwa Mweru, miaka ile ya hamsini, na sikumbuki siku hata moja niliyofanya kazi bila hofu. Niliogopa upepo wa ziwani, niliogopa moto, niliogopa choo kujaa, niliogopa mke wa huyu kumtukana mama wa yule. Wenzangu walinicheka. Mimi niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nikaendelea kuogopa.

Lakini hofu iliyoipita nyingine zote ilikuwa hii: mtu kufia chumbani. Mtaona sababu yake, ila kwanza mzijue nyumba zenyewe.

Layini zilikuwa tatu, kila moja vyumba kumi kwenye mstari, milango yote ikitazama maji. Alizijenga patron wetu, mfanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo ya Kongo, kwa ajili ya wavuvi, washona nyavu, wapakiaji wa malori na wanawake waliokausha samaki. Kwa kuwa wapangaji walitoka pande zote mbili za ziwa, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha pale, ingawa kila mtu aliota kwa lugha ya mama yake. Sasa patron alikuwa mtu wa haraka. Kuta za nje alizijenga vizuri, lakini zile za kugawa vyumba alizisimamisha kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono, na juu akaacha wazi mpaka kwenye bati. Alisema hewa itapita. Kweli hewa ilipita, na pamoja nayo moshi, kikohozi, sala, ugomvi, harufu ya samaki na maneno ya kitandani.

Kwa hiyo kujua nani alale karibu na nani ilikuwa nusu ya kazi yangu. Mkoromaji usimweke karibu na mlevi, maana mlevi atakuja asubuhi kushtaki kwamba layini imeingiliwa na simba. Waliooana juzi wapeleke chumba cha pembeni, na jirani yao awe bibi asiyesikia vizuri. Mtu wa kanisa anayeimba alfajiri mweke kati ya wavuvi, kwa sababu saa hiyo wao wako majini. Na jambo moja zaidi lililojulikana na kila mpangaji: siri zilisubiri mvua. Mvua ikipiga bati, hata anayelala mgongoni kwako hakusikii, basi mtu mwenye neno zito alilishikilia mpaka mawingu yafike, ndipo akalisema. Wakati wa kiangazi watu wa layini walikuwa wapole ajabu.

Aliyenifundisha ni Ba Chisenga, kapitao aliyenitangulia. Huku kwetu mtu wa heshima tunamtangulizia hilo "Ba", na yeye alistahili mbili. Mwaka wangu wa kwanza alinipandisha paani nikapigilie mabati yaliyofumuka. Nikapiga misumari yangu vizuri katika mabonde ya bati, kwa kuwa huko nyundo inatulia na bati halinepi. Mvua ya kwanza ikaingia kana kwamba nimeialika. Ba Chisenga hakunikaripia. Aliniwekea kigoda chini ya tundu moja.

"We mutoto, unapiga musumari mu bonde, sasa maji inapita wapi? Ikala pale, uone njia yake."

Nikakaa, maji yananidondokea kisogoni, yeye anavuta kiko. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, vijana, mahali ambapo maji hayakai. Na ukitaka kutafuta matundu, usipande juu. Lala chali sakafuni saa za jua kali, funga mlango, uhesabu nyota. Hata mafundi wa leo nawaona wanapanda tu.

Yeye ndiye aliyenionyesha layini ya kwanza, ambayo mimi niliikuta tayari ni zizi la mbuzi. Nilimuuliza kwa nini nyumba nzuri vile inakaa mbuzi.

"Mutu alikufa mule," akasema.

"Watu hufa kila mahali, tata," nikamjibu, kama mtu anavyomjibu baba yake.

"Ndiyo. Lakini sikiliza. Mu muji, mutu akikufa mu nyumba yake, tunazima moto ya ile nyumba, tunatupa majivu ku njia panda. Kisha maziko, tunawasha moto mupya. Ukipikia ku moto yenye iliona maiti, utakohoa mpaka kufa, weye na batoto. Ile yote unajua. Sasa hapa, nyumba iko wapi? Ukuta haifike ku bati. Bati ni moja, moshi ni moja. Mutu akikufa mu chumba ya tatu, ule wa chumba ya munane atazima moto ao hatazima?"

"Wewe uliwajibu nini?"

"Sikujibu. Nusu bakazima, nusu bakakatala juu ya samaki yao. Kisha mutoto mumoja akakohoa. Bote bakahama."

Hapo ndipo hofu yangu ilipozaliwa. Wapangaji wa layini mbili zilizobaki walijifunza kutokana na layini ya kwanza, lakini walijifunza vibaya: waliona heri mgonjwa mahututi atolewe nje kabla hajafa, ili kifo kimkute chini ya mbingu na si chini ya bati letu. Ba Chisenga alistaafu, akapanda baiskeli yake kwenda kwao Kabuta, akaniachia funguo na swali lake ambalo hakulijibu.

Nyuma ya kila layini kulikuwa na vichanja vya kukaushia samaki, na chini yake moto ambao haukuzimika mwaka mzima. Watu walichukuliana makaa kwa kigae, huyu kwa yule, hata usingeweza kusema moto huu ni wa nani. Kuzima moto siku moja tu ya mvua maana yake samaki wa vichanja vyote wanaoza. Kwa hiyo mnaona wenyewe: wapangaji waliogopa kuzima, na waliogopa kutozima.

Basi katika masika moja akaugua Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, wa chumba cha nne layini ya pili. Alikuwa mwanamke mdogo, mchangamfu, mshona nyavu mwenye vidole vyepesi, na mumewe Musonda alikuwa katika kambi ya uvuvi kisiwani. Homa ilimwangusha ghafla. Mke wangu akamchukua mtoto, Mwape, alale kwetu chumba cha kwanza cha layini hiyohiyo, na mimi nikatuma neno kwa Musonda kwa mtumbwi wa kwanza uliothubutu kutoka. Kisha nikamfuata dresa wa zahanati. Alikuja akiisukuma baiskeli ndani ya maji ya barabarani, akamchoma sindano, akamnywesha dawa chungu, akatoka nje akifuta miwani yake.

"Nimefanya yenye naweza," akaniambia. "Hospitali ya misheni iko mbali na barabara imefunga. Mumwache papo hapo, pakavu. Mukimutosha inje mu hii mvua, hatafika jioni."

Nilikwenda naye mpaka njiani, na niliporudi nikakuta layini imenyamaza. Nilijua ukimya ule. Walikuwa wanasubiri mvua.

Mvua ikaja mchana, ile kubwa ya kutoka ng'ambo inayovuka ziwa kama ukuta mweupe. Watu wa layini ya pili wakakusanyika chumba cha mwisho, cha Mama Feliya, wakaniita na mimi. Mama Feliya alikuwa mkaushaji samaki mkubwa kuliko wote, mwanamke wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya kuitia lori. Vichanja vyake vilijaa kambale, na lori la kwenda migodini lilitegemewa mara barabara itakapokauka. Lakini nisimwonee. Binti yake Feliya alikuwa amelala pale kitandani akikohoa, kikohozi kikavu, na kila alipokohoa mama yake alifumba macho. Pembeni alisimama Ba Yakobo, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba watu wa Injili hawaogopi majivu.

Mvua ilipiga bati hata ikabidi tupige kelele. Mama Feliya akasema kibanda cha nyavu pale ufukweni kina paa. Nikamwambia hakina kuta, na nikawaeleza aliyoyasema dresa. Ba Yakobo akasema maandiko hayakatazi kumhamisha mgonjwa. Mtu mwingine akasema layini ya kwanza sasa inanuka mbuzi. Mimi nikamtazama Feliya, nikaogopa kwa ajili yake pia, maana nilikuwa nakiamini kikohozi kile kama wao walivyokiamini. Msinicheke. Hata leo sipikii moto wa matanga.

Ndipo mvua ikakatika. Haikupungua, ilikatika, namna mvua ya Mweru inavyoweza kufanya, na sauti ya Mama Feliya, ambaye alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zote ili asikike juu ya bati, ikabaki peke yake, ikapita juu ya kuta chumba hadi chumba:

"Tumutoshe inje leo, mbele ya kukufa."

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kingo za paa. Nilisali, kwa kweli nilisali, kwamba homa iwe imemzibia Bana Mwape masikio. Kisha kutoka chumba cha nne ikaja sauti, ndogo lakini haikukosa neno.

"Ninasikia, mama. Musinitoshe, inje iko baridi. Muzime moto sasa, mi ningali muzima. Nikikufa, kifo ikute majivu ya baridi tu."

Nimeshawahi kuona mamba akimshika mtu miguuni pa wenzake, na sikuogopa vile. Mgonjwa alikuwa amejibu shauri la kifo chake mwenyewe, kwa adabu, akiwa amelala upande wa pili wa kuta sita.

"Haijafanyika hata siku moja," Ba Yakobo akanong'ona. "Moto inazimwa kisha mutu kukufa. Mbele yake, hapana."

"Nani alikataza?" nikauliza.

Hakuna aliyejua aliyekataza. Na hapo, nikiwa nimeshika mwimo wa mlango, nikajibu swali ambalo Ba Chisenga hakulijibu. Nikasema layini ni nyumba moja. Nikasema bati ni moja, basi moto wote wa layini ya pili uzimwe, kuanzia chumba cha kwanza mpaka cha kumi, mafiga na vichanja, na Bana Mwape abaki alipo. Sauti yangu haikuwa ya kapitao. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nikaenda kuzima wangu kwanza. Mke wangu alikuwa na maharage motoni.

"Haijaiva," akaniambia.

"Najua."

Akanitazama kidogo, kisha akaishusha sufuria yeye mwenyewe, akanipa ndoo. Nilipoinuka nikaona layini nzima imesimama milangoni, na macho yote yako kwa Mama Feliya. Kama yeye angekataa, wote wangekataa, na mimi nisingekuwa na nguvu ya kuwabana. Alisimama mbele ya vichanja vyake muda mrefu. Moshi ulikuwa unampanda usoni. Halafu akachota maji ya mtaro uliojaa mvua, akamwagia moto wake, akachota tena, akamwagia tena, mpaka makaa yakaacha kulia. Ba Yakobo akafuata na ndoo mbili kwa mpigo, kwa haraka ambayo watu wa Injili hawakuwa wameitangaza. Majivu tukayabeba njia panda.

Sasa sikilizeni taabu ambayo sikuwa nimeifikiria. Moto mpya huwashwa baada ya maziko. Aliyewasha mapema angekuwa amemzika mtu aliye hai. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu, na layini ikakaa bila moto. Tulikula muhogo mbichi, karanga, na chakula walichotupikia ndugu wa layini ya tatu, ambao walikiweka chini mbali kidogo, wakarudi nyuma, sisi ndio tukakichukua. Wapita njia walipoona paa refu halina moshi walisimama barabarani.

"Nani alikufa?" waliita.

"Hakuna mutu," tukawajibu, nao wakaondoka mbio kuliko kama tungewatajia jina.

Samaki walioza, ndiyo. Watu wakawamwaga ziwani mahali pa kuchotea maji kabla sijawazuia, na siku iliyofuata mamba walikuwa hapo wameinua pua. Samaki waliooza hufukiwa mbali na maji, hata kama harufu inakufukuza. Ikanibidi kusimama pale na mti mrefu, nikipiga maji kila mwanamke alipoinama na ndoo, na moyo wangu ukipiga kuliko mti.

Lakini zaidi ya yote tulisikiliza. Kwa kuwa moto haukuwepo, hakukuwa na kuni za kulia wala sufuria za kugonga, na pumzi ya Bana Mwape ikajaa nyumba nzima. Watu walijifunza kufunga mlango bila sauti. Ba Yakobo alipokoroma, jirani yake alimpiga kwa fimbo juu ya ukuta, na Ba Yakobo akaomba radhi. Musonda hakuwa amefika bado kutoka kisiwani, kwa hiyo mke wangu na Mama Feliya walipokezana kumnywesha maji na kumfuta. Ndiyo, Mama Feliya. Aliingia mle akiwa amejifunga mdomo kwa kitambaa, na zamu yake ilipofika tena aliingia tena. Mimi nililala nikiwa nimekaa, mgongo ukutani, nikiihesabu pumzi ile. Ilipokawia, nilisimama nikatega sikio. Iliporudi, niliwasikia watu wa vyumba vingine nao wakishusha yao.

Asubuhi moja sikuisikia.

Jua lilikuwa limetoka, la kwanza baada ya mvua. Nikatoka nje, nikakuta watu wameshatoka, kila mmoja mlangoni kwake, na hakuna aliyekuwa amesogea hatua moja kuelekea chumba cha nne. Mama Feliya, aliyekuwa wa zamu, alikuwa amekwenda kuchota maji na alisimama pale na ndoo kichwani bila kuitua. Kazi ya kufungua mlango ule ilikuwa yangu. Nilikohoa nje kama adabu inavyotaka. Nikakohoa tena. Vijana, nilitamani kukimbia, na ningekimbia kama ningekuwa na mahali pa kwenda.

Nikasukuma mlango. Bana Mwape alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, akihangaika kufunga kitenge kwa vidole visivyo na nguvu. Alikuwa anapumua polepole tu, kama watu wengine.

"Kapitao," akasema, "juu ya nini hamupike mpaka sasa? Niko na njala."

Nilikaa chini palepale kizingitini. Nilishindwa kuwageukia wenzangu kuwaambia, ila waliuona mgongo wangu ukicheka na kulia, wakaelewa.

Likabaki suala la moto. Ba Yakobo akasema kwa kuwa hakuna aliyekufa, kiberiti kinatosha, hakuna haja ya kupekecha vijiti. Tukamsaidia Bana Mwape kutoka nje, tukamkalisha juani mbele ya mafiga yake, kwa sababu wote tuliona kwamba moto ule si wa mtu mwingine kuuwasha. Njiti za kwanza zilimvunjikia mkononi. Tukangoja. Ilipowaka akaikinga kwa kiganja, nyasi zikashika, kuni zikashika, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja na vigae vyao, wa chumba cha kumi nyuma ya wa chumba cha tisa, wakitazama chini. Naye akampa kila mmoja kaa lake kwa kijiti.

Mama Feliya alikuja wa mwisho. Feliya alikuwa nyuma yake, ameshika kitenge cha mama, kikohozi kimempungua. Mama yule mkubwa mwenye sauti ya kuitia lori alisimama mbali na moto, kigae ameking'ang'ania kifuani, asije akakinyoosha kikakataliwa.

Bana Mwape akasukuma kuni motoni.

"Ile siku ya mvua nilisikia sauti yako," akamwambia. "Ilikuwa inatetemeka kupita yangu."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Najua. Leta kigae."